Pointi Zinazooza: Jinsi ya Kusoma Rekodi ya Mwanamke wa Judo

Tarehe 28 Julai 2024, katika ukumbi wa Champ-de-Mars jijini Paris, Uta Abe wa Japani alikuwa mbele. Alikuwa bingwa mtetezi wa Olimpiki katika kilo 52, bingwa wa dunia mara nne, na keshajipatia waza-ari moja, alama ya nusu ushindi, dhidi ya Diyora Keldiyorova wa Uzbekistan. Kufumba na kufumbua, akajikuta chali. Mwamuzi akanyoosha mkono wima: ippon, pambano limekwisha. Abe alitoka mkekani hajiwezi kwa kilio, huku watazamaji wakiliimba jina lake. Ilikuwa raundi ya pili tu. Hata pambano la kugombea shaba hakulipata.

Aliyezoea mpira wa miguu angeuliza maswali ya haki kabisa. Iweje bingwa wa dunia mara nne akutane na mtu hatari namna ile mapema vile? Mbona wengine walioshindwa siku ileile walirudi jioni wakaondoka na shaba? Majibu hayamo ndani ya lile pambano. Yamo kwenye hesabu iliyoanza kuandikwa miezi mingi kabla ya Paris, ambayo watangazaji huwa hawana muda wa kuieleza.

Kubwaga na kugaragaza

Waandishi wetu wa michezo wana vitenzi viwili wanavyovipenda mno. Timu "imeibwaga" nyingine, au "imeigaragaza", na kumbe hakuna aliyegusa ardhi. Kwenye judo vitenzi hivyo vinarudi kwenye kazi yake ya asili. Unambwaga mpinzani kwa kumbeba begani, kumpindua nyongani au kumpiga mtama. Akishafika chini unamgaragaza: unambana asiinuke, unamtia kabali, au unamnyoosha kiwiko mpaka agonge mkeka kwa mkono kukiri kwamba basi.

Akitua mgongo kwa nguvu, kwa kasi na huku umemdhibiti, hiyo ni ippon na mchezo unaishia hapo. Akitua vibaya lakini si vibaya kiasi hicho, ni waza-ari, na waza-ari mbili ni sawa na ippon. Kumbana chini kwa sekunde 20 nako ni ippon. Muda wa kawaida ni dakika 4. Zikiisha bila mshindi, wanaendelea bila kikomo mpaka mmoja apate alama au mwingine apewe onyo la tatu, linaloitwa shido, na kutolewa. Mtu anaweza kuongoza dakika tatu na nusu, akatawala kila kitu, kisha akateleza mara moja na kwenda nyumbani. Kwenye judo uongozi haukuwekei akiba yoyote.

Ndiyo maana rekodi ndefu ya ushindi katika mchezo huu ina uzito kuliko inavyoonekana. Ryoko Tamura wa Japani, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kama Ryoko Tani, alikwenda Atlanta mwaka 1996 akiwa ameshinda mapambano 84 mfululizo. Kwenye fainali alikutana na msichana wa miaka 16 kutoka Korea Kaskazini, Kye Sun-hui, aliyeingia kwa nafasi ya mwaliko. Kye alishinda. Na miaka minne nyuma, huko Barcelona, Tamura mwenyewe alikuwa na miaka 16 alipomtoa kwenye nusu fainali Karen Briggs wa Uingereza, bingwa wa dunia mara nne. Mkeka hauulizi umri wala hauogopi jina.

Sasa lile swali la shaba. Kila uzito kwenye Olimpiki hutoa medali mbili za shaba, lakini njia ya kuzifikia ni nyembamba. Wanaopoteza robo fainali ndio wanaopewa nafasi ya pili: wanapigana wao kwa wao, na washindi wanakutana na waliopoteza nusu fainali. Ukitolewa kabla ya robo fainali, hakuna mlango wa nyuma, siku yako imefungwa. Abe alitolewa hatua moja tu kabla ya mlango huo. Angekutana na Keldiyorova mechi moja baadaye na kupigwa vilevile, huenda jioni ile angevaa shaba.

Kwa nini basi hawakukutana mechi moja baadaye?

Kitabu cha miezi 24

Kabla ya droo, wanane walio juu zaidi kwenye orodha ya dunia miongoni mwa waliofuzu hutenganishwa, wasije wakakutana kabla ya robo fainali. Abe na Keldiyorova walikutana raundi ya pili, maana yake mmoja wao hakuwamo kwenye wanane hao. Hakuwa Keldiyorova. Bingwa wa dunia mara nne, mtu ambaye kila kocha alimwogopa, aliingia Paris akiwa kwenye karatasi mshindani wa kawaida.

Si kwamba kuna aliyemwonea. Orodha ya ubora wa dunia, ambayo Shirikisho la Kimataifa la Judo lilianza kuitumia mwaka 2009, haipimi ukubwa wa mtu. Inapima alichovuna hivi karibuni, na alivyovuna mara nyingi. Dhahabu ya mashindano ya daraja la Grand Prix ni pointi 700, ya Grand Slam ni 1,000, na ya ubingwa wa dunia ni 2,000. Lakini pointi hizo zinaoza. Miezi 12 ikipita zinabaki nusu, na miezi 24 ikipita zinafutika kabisa, kana kwamba ule ushindi haukuwahi kutokea. Ukishinda dunia na kukaa nyumbani, kuna siku utaamka ukiwa na sifuri. Abe hakuwa mtu wa kucheza kila wiki. Alikuja mara chache, akashinda, akaondoka. Mtindo huo unajaza kabati la medali lakini haujazi kitabu cha pointi.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo rekodi ya mchezaji wa judo inaposomwa vibaya kuliko popote. Watu huhesabu medali kama ngazi, kwamba amepanda hapa, akapanda pale, sasa yuko juu. Kumbe ni kama kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mwenye nafasi ya 3 duniani leo si lazima awe bora kuliko mwenye nafasi ya 25; huenda tofauti yao ni kwamba wa kwanza ana shirikisho lenye nauli ya kumpeleka mashindano kumi kwa mwaka, na wa pili anasafiri mara mbili. Pointi zinafuatwa kwa ndege.

Kwa Paris, wachezaji 17 wa juu katika kila uzito walifuzu moja kwa moja. Ukizidisha kwa mizani 14, saba ya wanawake na saba ya wanaume, unapata 238. Wenyeji Ufaransa walikuwa na nafasi 14, nafasi 100 ziligawanywa kwa mabara, na 20 zilikuwa za mwaliko. Jumla 372, nusu kwa nusu kati ya wanawake na wanaume. Zile 100 za mabara ndizo zinazowaokoa wengi ambao ndege zao ni chache. Watu huziita za huruma, na mimi sikubaliani. Kye Sun-hui aliingia kwa mwaliko, akamaliza na dhahabu.

Mimba, goti na kiti kimoja

Fikiria sasa kitabu hiki cha miezi 24 kikikutana na mwili wa mwanamke.

Clarisse Agbegnenou wa Ufaransa, mzaliwa wa Rennes, wazazi wake kutoka Togo, alipata fedha Rio mwaka 2016 katika kilo 63 baada ya kushindwa na Tina Trstenjak wa Slovenia. Tokyo mwaka 2021 alikutana naye tena fainali, akambwaga na kuchukua dhahabu. Kisha akapata ujauzito. Binti yake alizaliwa Juni 2022, wakati kipindi cha kukusanya pointi za Paris ndiyo kwanza kinaanza. Kila mwezi aliokaa pembeni, wapinzani wake walikuwa wanavuna na pointi zake zilikuwa zinaoza. Mei 2023 alikwenda Doha kwenye ubingwa wa dunia, akiwa bado ananyonyesha, akaondoka na taji lake la sita. Pointi 2,000 kwa siku moja. Ni watu wachache mno wanaoweza kulipa deni la mwaka mzima kwa mkupuo mmoja hivyo, na ndiyo sababu hadithi yake isitumike kuwaambia wengine kwamba inawezekana tu ukijituma. Paris alipata shaba, kisha dhahabu ya timu mchanganyiko.

Tani naye alijifungua mwishoni mwa 2005, akarudi, na mwaka 2007 akatwaa taji lake la saba la dunia. Lakini kurudi kwake kunafungua fundo jingine. Kwenye Olimpiki kila nchi inaruhusiwa mchezaji mmoja tu kwa kila uzito. Japani inaweza kuwa na wanawake watatu wa kilo 48 ambao wote wangepata medali, na bado wawili wataangalia kwenye televisheni. Aprili 2007 Tani alishindwa fainali ya taifa na Tomoko Fukumi, lakini aliyepelekwa ubingwa wa dunia ni Tani, na akashinda. Mwaka uliofuata alishindwa tena fainali ya taifa, safari hii na Emi Yamagishi. Aliyepelekwa Beijing ni Tani, akarudi na shaba. Je, wateuzi walikosea? Kwa matokeo, hapana. Lakini jiweke kwenye nafasi ya Fukumi: umemshinda bingwa ana kwa ana, na bado jina lako haliko kwenye orodha. Ukisoma kwamba alicheza Olimpiki mara moja tu, London mwaka 2012, akamaliza wa tano, usidhani ule ndio ukubwa wake wote.

Kiti hicho kimoja huwaumiza wa nchi kubwa. Wa nchi ndogo wana shida iliyo kinyume chake. Majlinda Kelmendi wa Kosovo alikuwa na kiti bila kuwa na nchi iliyotambuliwa. Mwaka 2012 alikwenda London chini ya bendera ya Albania, kwa sababu Kosovo haikuwa imekubaliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mwaka 2013 alishinda ubingwa wa dunia jijini Rio kwa jina la Kosovo. Mwaka 2014 mashindano yalikuwa Chelyabinsk, Urusi, nchi isiyoitambua Kosovo, na akashinda chini ya bendera ya shirikisho la judo. Desemba mwaka huohuo Kosovo ikatambuliwa na Kamati hiyo ya Olimpiki. Agosti 2016 akarudi Rio, akachukua dhahabu ya kilo 52, medali ya kwanza kabisa ya nchi yake kwenye Olimpiki. Rekodi zinaonyesha bendera tatu ndani ya miaka miwili. Mtu ni yuleyule, na kocha wake ni yuleyule, Driton Kuka.

Magoti ya Kelmendi hayakumpa raha baada ya hapo. Goti ni adui mkubwa wa mchezo huu: unajipinda kwa mguu mmoja huku mtu mzima amekuning'inia, na ukichana kano ya ndani ya goti unakaa nje miezi 9 au zaidi. Wanawake huumia kano hiyo kwa urahisi kuliko wanaume kwenye michezo mingi ya kujipinda na kuruka. Tokyo mwaka 2021 alitolewa pambano lake la kwanza, na mwaka huohuo akastaafu. Siku hiyo ya kutolewa kwake, katika uzito uleule, ndiyo siku Uta Abe alipopata dhahabu.

Kilo

Wanawake wana mizani saba: 48, 52, 57, 63, 70, 78 na zaidi ya 78. Unapimwa jioni ya kuamkia siku yako. Asubuhi baadhi huitwa kwa kushtukizwa na kupimwa tena, na hawatakiwi kuwa wamezidi asilimia 5 ya kikomo cha uzito wao. Kwa wa kilo 52, hiyo ni kilo mbili na nusu na ushei. Sharti hilo limewekwa ili watu wasijikaushe kama samaki kisha usiku mmoja wakajaze maji yote waliyoyatoa.

Lakini kujikausha kupo, na kwa mwanamke hesabu ni ngumu zaidi. Mwili hushikilia maji katika siku fulani za mwezi, na droo haijali kalenda hiyo. Akila kidogo kuliko anachotumia kwa muda mrefu, hedhi inaweza kukatika na mifupa ikadhoofika. Zamani kuna makocha waliochukulia kukatika kwa hedhi kama ishara kwamba msichana anafanya mazoezi vizuri. Ni ishara kwamba mwili umeanza kufunga maduka.

Dawa ni kupanda uzito, na kupanda uzito kuna gharama yake, kwa sababu pointi zinahesabiwa kwa uzito ulikozipatia. Ukihamia kilo 57, jasho la 52 limebaki kule. Tazama njia mbili zilizoanzia kwenye fainali moja ya Atlanta. Tani alikaa kilo 48 maisha yake yote ya mashindano, Olimpiki tano, medali tano. Kye alikua, akapanda: shaba ya kilo 52 Sydney mwaka 2000, fedha ya kilo 57 Athens mwaka 2004, na mataji manne ya dunia katika mizani hiyo miwili. Ukimtafuta kwenye orodha ya kilo 48 utaona jina linalotokea mara moja na kupotea, kana kwamba alibahatisha.

Uzito na kiti kimoja navyo huchezeana. Distria Krasniqi ni wa Kosovo kama Kelmendi. Mwaka 2021 kiti cha kilo 52 kilikuwa na mwenyewe. Krasniqi alicheza 48, akapata dhahabu. Kelmendi alipostaafu, Krasniqi alipanda 52, na Paris alifika fainali, akashindwa na Keldiyorova, yuleyule aliyembwaga Abe.

Kanuni nazo huhama

Rafaela Silva wa Brazil alikwenda London mwaka 2012 akiwa na miaka 20. Katika pambano dhidi ya Hedvig Karakas wa Hungaria alimshika mguu kwa mkono, akatolewa papo hapo. Miaka michache nyuma mbinu hiyo ilikuwa halali na inafundishwa. Marufuku ilianza 2010. Mwili uliofundishwa tangu utotoni ulifanya ulichofundishwa. Baada ya hapo alimiminiwa matusi ya kibaguzi mtandaoni. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia jijini Rio, mji wake, na mwaka 2016 akapata dhahabu ya Olimpiki palepale. Mwaka 2019 akakutwa na dawa iliyokatazwa, akafungiwa miaka miwili na kuikosa Tokyo. Oktoba 2022, Tashkent, akawa bingwa wa dunia tena. Sijui kwa nini bado kuna wanaomweleza kwa tukio moja, wapenzi kwa dhahabu na wabaya wake kwa dawa.

Alama nazo hubadilika. Koka, alama ndogo kuliko zote, iliondolewa kuanzia 2009. Yuko, alama iliyo chini ya waza-ari, iliondolewa 2017 na kurudishwa 2025. Muda wa kubana chini kwa ajili ya ippon ulikuwa sekunde 25, ukawa 20. Kwa hiyo "alishinda kwa yuko" ya mwaka 2005 na "alishinda kwa waza-ari" ya mwaka 2019 si vitu viwili vya kulinganishwa kirahisi.

Na kuna yasiyoandikwa kwenye matokeo kabisa. Mwaka 2013 ilifichuka kwamba wanawake 15 wa kiwango cha timu ya taifa ya Japani walikuwa wamelalamikia kupigwa na kutukanwa mazoezini. Kocha mkuu wao alijiuzulu. Medali za miaka ile zinaonekana kwenye kila orodha. Vipigo havina safu yake.

Waliokuja kabla ya pointi

Ingrid Berghmans wa Ubelgiji ana mataji sita ya dunia, na ukitafuta medali zake rasmi za Olimpiki utakuta sifuri. Wanaume waliingia Olimpiki mwaka 1964. Wanawake walisubiri hadi 1988, na wakati huo ulikuwa mchezo wa maonyesho ambao medali zake hazihesabiwi. Berghmans alishinda dhahabu hiyo isiyohesabiwa. Medali halisi zilianza Barcelona mwaka 1992, yeye akiwa ameshaondoka.

Hata hayo mataji ya dunia yake yasingekuwepo bila Rusty Kanokogi wa New York. Mwaka 1980 aliweka nyumba yake rehani ili ubingwa wa dunia wa wanawake ufanyike kwa mara ya kwanza, katika Madison Square Garden. Alikuwa na sababu yake. Mwaka 1959, kwenye mashindano ya YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, ya jimbo la New York, mchezaji mmoja wa kiume wa timu yao aliumia. Kanokogi alikuwa na nywele fupi, akajifunga kifua, akaingia badala yake na kumshinda mpinzani wake. Timu ikashinda. Ofisa mmoja akamwita pembeni, akamuuliza kama ni mwanamke. Alipokiri, medali ikachukuliwa.

YMCA walimrudishia mwaka 2009, miaka 50 baadaye. Alifariki Novemba mwaka huohuo.